"Nedra, Yuko Tayari?"

Mimi ni askari wa mlango katika korti ya wilaya yetu, huku milimani mashariki ya Kentucky, Marekani, na sipendi watu wa kulialia. Nayasema haya mapema mjue kwamba Nedra Stidham hakuniingia moyoni upesi. Kabla ya kuwa mshauri wa korti alikuwa mtengeneza nywele hapa mjini. Akasoma ukubwani, akarudi na shahada na tabia yake ileile ya kutafuna barafu kwenye kikombe, kra kra kra, mpaka meno yangu mimi yanauma. Husema kazi ni ileile tu: mtu anakaa kitini anamwaga ya moyoni, ila huku hakuna kioo.

Jumanne ana korti ya wagonjwa wa akili, Ijumaa ana ya watu wa dawa za kulevya. Huku mtu hapelekwi gerezani moja kwa moja. Anatibiwa, anaitwa ghafla kupimwa mkojo, anasimama mbele ya hakimu kila wiki, na akifanya vizuri korti nzima inampigia makofi. Makofi, jamani, kortini! Siku za mwanzo nilikuwa nageuza uso kwa aibu. Nedra hupiga kwa nguvu kuliko wote, hata kwa mtu aliyefanikiwa tu kuamka na kuoga.

"Unawadekeza hawa," mwendesha mashtaka alimtania siku moja. "Kesho tutawapigia makofi kwa kupumua."

"Wapo ambao wiki jana nusura waache kupumua, bwana. Wewe piga tu."

Sasa Lonnie Napier. Aliumia mgongo mgodini, akapewa vidonge vya maumivu, vidonge vikamla yeye. Aliiba jenereta ya jirani apate pesa za kununulia vingine, na kifungo cha miaka saba kilikuwa kinamngoja iwapo korti ingemfukuza kwenye matibabu. Ijumaa ninayoisema ilikuwa ya mahafali yake: apewe cheti, kesi ifutwe, amchukue binti yake, Tansy, aliyekuwa akilelewa na bibi. Bibi mwenyewe, Bi Oma, mama yake Lonnie, alikuja amekumbatia keki ya matufaha makavu, tabaka juu ya tabaka.

Yaliyotokea kabla ya korti kuanza alinisimulia Lonnie mwenyewe, wala haoni haya. Aliingia chumbani kwa Nedra akafunga mlango.

"Mama Nedra, nimeteleza. Jumapili, baada ya kumzika binamu. Kidonge kimoja tu."

Barafu ikanyamaza. "Nani anajua?"

"Wewe tu. Wiki hii hawakuniita kupimwa."

"Basi utasema mwenyewe."

"Niseme nini? Miaka saba iko juu ya kichwa changu! Mama ameleta keki!"

"Uliyoniambia humu ni yako, siyatoi. Lakini swali la hakimu unalijua."

Kila mwenye mahafali, kabla ya cheti, Hakimu Pruett humgeukia Nedra na kuuliza, "Nedra, yuko tayari?" Naye hujibu, "Yuko tayari." Ni desturi yetu tu. Hajawahi kujibu vingine.

"Sema ndiyo," Lonnie alimsihi. "Neno moja! Unataka mwanangu aje kuniona gerezani?"

"Nataka akuone hai. Ukitoka na uongo huu, kidonge cha pili hutamwambia mtu yeyote. Sisemi ndiyo, Lonnie. Nitanyamaza."

"Una roho ngumu wewe!"

"Nimeshaambiwa. Kanawe uso."

Korti ilipofika zamu yake, hakimu alishuka kitini kwake, cheti mkononi, akitabasamu. "Nedra, yuko tayari?"

Kimya. Nedra alikuwa amekumbatia kikombe chake cha barafu. Hakimu akauliza tena, akidhani hakusikia. Kimya. Kusema kweli, nilimkasirikia. Nilijiambia, mwanamke huyu anamharibia kijana wa watu siku yake.

"Jamani, mjibu mheshimiwa!" Bi Oma alipaza sauti kutoka nyuma. "Kwani una nini?"

Nedra alikuwa anamtazama Lonnie, machozi yamemjaa, na hakufungua mdomo. Lonnie akasimama.

"Mwacheni, mheshimiwa. Siko tayari. Nilimeza kidonge Jumapili."

Bi Oma alifumba macho. Kisha Nedra akaweka kikombe chini akaanza kupiga makofi, peke yake, kwa nguvu zake zote. Hakimu alimtazama mwendesha mashtaka, ambaye angeweza kuomba Lonnie afukuzwe siku ileile. Bwana yule akaguna, naye akapiga. Kisha wakafuata wote. Mimi pia ningepiga, ila mikono yangu ilikuwa inatafuta pingu.

Hukumu ikawa wikendi moja jela, na cheti kingoje mpaka arudie hatua ya mwisho ya matibabu. Nilipokuwa namtoa, mama yake alituzuia mlangoni na keki yake mkononi. Nedra akamjia polepole.

"Bi Oma, nipe niihifadhi kwenye friji la ofisini."

"Friji? Unataka kuiua?" Bi Oma alifoka, machozi yanamtiririka. "Keki hii hailiwi siku ya kwanza, hata hukufundwa? Inakaa kwanza, tufaha lipenye." Akamgeukia mwanawe, akamshika shavu. "Itakuwa tamu Jumatatu. Na uje."

Jumatatu alikuja, moja kwa moja kutoka jela, shati limekunjamana. Keki ilikuwa mezani kwa Nedra, bado imefunikwa, na mimi nilijifanya nina shughuli mlangoni.

"Haya," Nedra alimwuliza, kisu mkononi. "Uko tayari?"

"Bado."

"Vizuri. Kaa tuanze," akasema, akamkatia kipande.