Waridi la Milia la Wifi Virginia

Habari za Virginia Wanjugu nitazisema nikiwa bado na hasira. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Kihara. Nimekula kwake, nimelala kwake, watoto wangu wote wamepanda mgongo wake. Wengine watakwambia alikuwa mama wa kanisa, na kweli alikuwa. Lakini aibu ya maiti aijuaye ni mwosha.

Kihara alikuwa akitunza bustani ya Mzungu mmoja kule Hill, mtaa wa Wazungu. Mwaka wa hamsini na nne yule Mzungu akafunga mizigo kurudi kwao, na bibi yake, badala ya kumwachia Kihara blanketi au sufuria, akamwachia mche wa waridi ndani ya debe. Kihara akaubeba kichwani mpaka Kabiria, kijijini kwetu. Tulimcheka! Wenzako wanaleta sukari nyumbani, wewe unaleta miiba.

Ulipochanua tukanyamaza. Mche wenyewe mfupi, haupiti goti, lakini umejaa maua toka chini hadi juu, meupe yenye michirizi myekundu, kila ua na milia yake. Majirani wakauita Punda Milia. Na kwa uwanja wa Virginia ulifaa sana, maana pale palikuwa na nyumba yao, jiko, vyumba vitatu vya kupangisha na banda la mbuzi, na ardhi iliyobaki usingeweza kutandika hata mkeka. Waridi kubwa lingekosa pa kukaa. Hili lilikaa kando ya mlango wa jiko, penye jua la asubuhi, likatosheka.

Na alilitunza, tusimnyime haki yake. Samadi ya mbuzi aliiacha ioze kwanza ndipo aiweke, isiunguze mizizi. Maji yenye majivu aliwarushia wadudu wanaojificha chini ya majani. Mvua ikiisha alichukua kisu akapunguza matawi. Na tawi likithubutu kutoa maua mekundu matupu, bila milia, alilikata mpaka shinani, kwa sababu Kihara alimfundisha kwamba ukiliachia tawi kama hilo litatawala mche wote, na milia kwaheri. Fuko alipoanza kuchimba upande ule, Virginia alimvizia na jembe tangu asubuhi, sisi tukingoja chakula.

Kila Jumapili maua yale yalikuwa juu ya meza ya Bwana. Virginia hakujua kusoma, hakuwa na ng'ombe, mume wake hakuwa na kazi tena. Lakini sasa wake za wazee wa kanisa walikuwa wakisimama kumsalimu. Walisema ana mkono, yaani mkono wa kupanda, akigusa kitu kinaota.

Sasa, kwetu mtu akikuomba tawi la kupanda humnyimi. Chumvi unaweza kusema imekwisha, lakini mmea anauona kwa macho yake. Wanawake wakaja, na Virginia akawapa wote, tena kwa tabasamu, kila mmoja tawi lake limefungwa vizuri ndani ya jani la mgomba. Hakuna hata moja lililoshika. Mimi pia alinipa, likafa. Nikasema haya, Mungu humgawia kila mtu chake. Mjinga mimi!

Katika chumba cha kati alipanga Naliaka, mke wa Were, Mbukusu aliyekuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja mjini. Naliaka alikuwa msichana mpole, na akiwa pale alizika watoto wawili, wote kabla ya kujua kukaa. Aliomba tawi la waridi, likawa jeusi kuanzia chini. Akaomba tena kabla ya kumzika yule mtoto wa pili, likawa vilevile. Mara ya tatu alilipanda karibu na dirisha lake, akalifunika na chupa iliyokatwa, akaliangalia kama mgonjwa. Nalo likafa.

Basi Jumamosi moja, mwaka wa hamsini na nane, mimi na Virginia tunamenya viazi uani, na mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Haron, analia mgongoni mwake. Virginia akamfungua akamnyooshea Naliaka. "Hebu nishikie huyu, niteremshe chungu."

Naliaka akaficha mikono nyuma. "Mama Haron, usinipe. Mkono yangu inaua."

"Wacha maneno hayo," nikamwambia.

"Si maneno. Hata waridi nimeiua mara tatu, na ni kitu ya kuchomeka tu kwa udongo." Halafu akatuambia kwamba ni mjamzito tena. Atakwenda kwao Bungoma ajifungue, na mtoto atakayezaliwa atapewa dada yake papo hapo, dada mwenye mkono mzuri. Yeye mwenyewe hatamgusa. "Nikimgusa atakwenda kama wenzake. Afadhali aishi aniite mama mdogo."

Alisema hivyo akiwa mkavu kabisa, hana chozi. Nilimtazama Virginia nikingoja amkemee, maana kwa kukemea hana mwenzake. Alikuwa ameinamia viazi.

Kesho yake tulikuwa na ushirika. Siku zile uamsho ulikuwa umewaka, na watu waliookoka walikuwa wakisimama mbele ya wenzao, wanatubu kwa sauti. Virginia akasimama. Kitambaa cha kichwa kimeteleza hata hakirudishi. Akamtazama Naliaka aliyeketi benchi la pili, akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekuwa nikinusa ugoro kwa siri."

Loo, wimbo ulioimbwa! Wakamzunguka, wakamkumbatia, na Naliaka akamkumbatia kuliko wote, akilia, akimwambia Mungu amempokea.

Tulipofika njiani nikamshika mkono. "Virginia, ugoro gani? Wewe akipita mzee mwenye ugoro unapiga chafya mpaka unashika ukuta."

Akaketi ukingoni mwa njia, pale pale, na nguo yake ya Jumapili.

"Nilikuwa nayachovya," akasema.

"Unachovya nini?"

"Matawi. Kwa maji ya chai yakichemka. Kidogo tu, halafu napangusa, nafunga."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na haki ya Mungu nilitamani nisingeelewa. "Hata langu?"

"Hata lako."

"Na ya Naliaka?"

"Yote." Akafunika uso na shuka. "Phoebe, wangekuwa nalo wote, mimi ningekuwa nani?"

Nilimwambia maneno siwezi kuyarudia, mimi niliyeokoka. Nilimwambia arudi akaseme sasa hivi. Akasema atasema kesho. Amekwisha simama mbele ya watu wakamshangilia, atasimamaje tena alasiri ile ile aseme alidanganya hata katika kutubu? Kesho, wifi. Na mimi nikakubali kesho, kwa sababu nami niliona haya; aibu yake ilikuwa ya nyumba yetu.

Kesho ilipofika, chumba cha kati kilikuwa kimefagiwa. Were, akijiandaa kwenda kazini, akatuambia Naliaka ameondoka alfajiri, anakwenda stesheni kungoja gari la moshi la Bungoma.

Wakati ule wa Hali ya Hatari tulikuwa na pasi za serikali za kuuza mboga mjini, la sivyo askari wangetufungia siku ile. Tulipanda basi bila mboga yoyote. Pale stesheni tulimkuta katika umati wa daraja la tatu, ameketi juu ya sanduku lake.

"Naliaka," Virginia akasema, hata salamu hakutoa. "Yale matawi niliyapika."

"Uliyapika?"

"Niliyatia maji moto kabla sijakupa. Yote matatu. Si mkono wako. Hata malaika angeyapanda yangekufa."

Naliaka akasimama. Akatazama viganja vyake, huku na huku, akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtoto. "Sema tena."

Virginia akasema tena. Watu wakaanza kugeuka.

"Sema kwa sauti."

Akasema kwa sauti, machozi yakimtiririka, na mama mmoja mwenye kuku akauliza ni maji moto ya nini, na mwingine akamweleza. Nilitaka ardhi inimeze. Naliaka akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, akaishikilia pale.

"Basi huyu simpi mtu," akasema. "Huyu nitamlea mwenyewe."

Nikapumua. Nilidhani yamekwisha, tumeokoka kwa bei rahisi. Virginia naye alidhani hivyo, maana alinyoosha mikono amkumbatie kama walivyokumbatiana kanisani. Naliaka akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Haron, siku tulizika yule wa pili, nilikushika nguo. Nilikuuliza, ni mkono yangu? Ukaniambia, Mungu ndiye anajua."

Virginia akashusha mikono.

"Na wewe ulikuwa unajua."

Akainua sanduku lake mwenyewe, akapanda behewa, na Virginia akabaki amesimama pale katikati ya watu.