Saa ya Baba Kwenye Mkono Mbaya

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mkono wangu mmoja ulikuwa na kesi nyumbani. Si mimi, mkono. Mimi nilipendwa, nililishwa, nikanunuliwa viatu vya Krismasi kama watoto wengine. Lakini mkono wangu wa kushoto uliamka na lawama ukalala na lawama, na hakuna siku hata moja uliyopewa nafasi ya kujitetea.

Tulikaa Roret, upande wa Kericho, mwendo mfupi kutoka sokoni, na Cucu, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba. Alihamia huku kutoka Kiambu akiwa mke mchanga, akauza viazi miaka na miaka mpaka yeye na mumewe wakapata shamba la chai. Alikuwa mtu wa kanisa na mkarimu kweli. Mgeni hakutoka kwetu na njaa. Ila kwake mkono wa kulia ulikuwa mkono mzuri na wa kushoto mkono mbaya. Hayo ndiyo majina niliyoyajua kabla sijajua kulia na kushoto. Nikimpa mtu kikombe kwa kushoto: "Wewe Nyambura! Unampa mgeni laana?" Nikifagia kwa kushoto, nilikuwa nafagia baraka nje. Hata mbuzi wa siku ya mwisho kwenye Biblia, alinikumbusha, watasimama upande gani? Na kulikuwa na neno moja alilolirudia kwa sauti ya chini, akisikitika kabisa: "Huo mkono siku moja utamuumiza mtu wa nyumba hii."

Nilidhani angalau majirani wetu Wakipsigis wangenitetea, maana wao na Cucu hawakupatana hata juu ya wakati wa kutia majani kwenye chai. Wapi! Mama Chebet wa boma la chini alinikuta siku moja nikikatakata sukuma wiki, akasimama, akatikisa kichwa. "Hata kwetu hiyo si mzuri," akasema. Cucu akamkaribisha kiti. Siku hiyo waliongea hadi jioni.

Mwisho wa muhula nikawa namba mbili darasani. Baba alikuwa akifanya kazi Kericho mjini na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, na kwa furaha akanipa saa yake ya zamani, ya mkanda wa chuma. Niliivaa kulia bila kufikiri. Wewe unayeandika kwa kulia unaivaa kushoto ili mkono wa kazi uwe huru. Basi na mimi hivyo hivyo, kinyume chake. Hakuna aliyenifundisha.

Cucu akaiona. Na lazima niseme ukweli, bibi huyo alikuwa na akili.

"Mwalimu wako anavaa saa mkono gani?"

"Kushoto."

"Na pasta?"

"Kushoto."

"Kwa sababu mkono wa saa ni wa kupumzika. Ukiivaa huko, huo mkono utajifunza kukaa."

Akaivua, akanivalisha kushoto, akaikaza kwa kitambaa kwa sababu mkanda ulikuwa mpana kuliko mkono wangu. Baba alicheka tu, kisha akaongeza lake: maji yakiingia au kioo kikipasuka, tutaonana. Zawadi yangu ikageuka kufuli papo hapo. Na kufuli lenyewe nililipenda! Niliipenda ile saa hata nikawa natembea nimeukumbatia mkono kifuani isije ikagonga mlango. Naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, nateka maji kwa kulia, mwandiko umepinda kama kuku amepita kwenye daftari. Muhula uliofuata nilikuwa namba kumi na tisa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa sikia kinachonichemsha damu mpaka leo. Jumamosi tulichuma chai, na chai huchumwa kwa mikono miwili. Majani mawili na chipukizi, kushoto kulia, kushoto kulia, unatupa kwenye kikapu mgongoni. Kabla hatujaingia shambani Cucu alinivua saa, akaitia mfukoni mwa aproni, isikwaruzwe na matawi. Humo shambani sikusikia habari ya mkono mbaya hata mara moja. Hakuna aliyesema majani yaliyochumwa na kushoto yana laana, yatengwe. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mwepesi kuliko mikono ya watu wazima, na Cucu mwenyewe alijisifu kwa wenzake: "Huyu mtoto ana mikono!" Mikono, ati. Yote miwili! Tukitoka shambani, saa inarudi, na laana nayo inarudi mahali pake.

Niliyempenda kuliko saa ni mdogo wangu Kariuki, wa miaka miwili. Huyo alikuwa wangu. Nikitoka shule tu namfunga mgongoni, na usiku alilala kwangu ameshika sikio langu. Jina langu ndilo alilolijua mapema: "Mbura." Hata Mama hakuitwa kwa bidii hiyo.

Jumamosi moja, saa nne hivi, wachumaji walikuwa wamekaa uani wakingoja chai, Mama Chebet akiwa mmoja wao. Cucu alikuwa nao. Mama alikuwa jikoni karibu na moto, anamenya viazi. Saa ilikuwa imesharudishwa mkononi mwangu.

"Nyambura, leta chai!" Cucu akaita. "Na mkono mzuri!"

Nikaliinua birika kwa mkono mzuri. Lilikuwa limejaa hadi kwenye mfuniko. Wa kushoto niliukunja kifuani, mbali na mvuke, kuilinda saa ya Baba. Sikufika mlangoni. Kariuki alikuja mbio kutoka uani akanikumbatia mguu, kama alivyozoea kunifanyia kila siku, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kikalegea. Chai ikamwagikia mguu wake kuanzia gotini hadi vidoleni. Saa haikupata hata tone.

Cucu aliingia akipiga mayowe. "Ngai! Si nilisema? Si nilisema mimi?"

"Ni mkono wa kulia, Cucu! Nilibeba na kulia!"

"Unanijibu? Na uongo juu yake?"

Kofi likaniwasha shavu. Nikamtazama Mama. Alikuwa anamwagia Kariuki maji baridi mguuni. Akainua macho, akaniangalia, kisha akainamisha kichwa. Nikajiambia hakuona. Mtu anayemenya viazi ataona nini?

Kariuki alipelekwa hospitali, akapona, akabaki na kovu. Mimi nilihukumiwa kabla hajarudi. Cucu alisema nisimbebe tena, nisimlishe, nisilale naye. Alipotoka hospitali aliita "Mbura! Mbura!" kutoka mgongoni mwa Mama, na mimi nimesimama pale pale, mikono yote miwili nyuma. Baada ya muda akaacha kuita. Mtoto hujifunza anachofundishwa. Alipofika miaka mitano, nilimpa kiazi naye akakitazama na kusema, "Si huo ndio mkono ulinichoma?" Miaka mitano tu! Saa nilikuwa nimeshamrudishia Baba, nikasema sitaki.

Nilikua, nikasoma, sasa mimi ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Soin. Nina saa yangu mwenyewe, naivaa kulia, na wiki haipiti bila mtu kuniuliza kwa nini. Juzi mzee mmoja aliona nimeshika sindano akakunja uso.

"Sista, hakuna mwingine?"

"Wa nini, mzee?"

"Wa kudunga na mkono wa kawaida."

Nilimdunga na huu huu. Hata hakujua nimemaliza. Wanawake wa Soin wamejifungulia mikononi mwangu usiku na mchana, na mkono wa kwanza kushika kichwa cha mtoto ni wa kushoto. Sijasikia mama hata mmoja akisema ngoja kwanza.

Cucu alifariki miaka mingi iliyopita, na hasira yangu juu yake ilipoa polepole. Nilifikiri imekwisha kabisa. Kisha mwaka huu Kariuki akapata mtoto wa kwanza. Nilienda kumwona, nimebeba shuka na sabuni, furaha tele. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto. Kariuki, mwanamume mzima mwenye ndevu, akanizuia huku akicheka.

"Dada, kaa kwanza tukuwekee. Upande wa kulia. Huo mwingine tunaujua!"

Watu wakacheka. Mkewe akacheka, maana hadithi ameisikia kama utani wa familia. Nikageuka nikaenda jikoni, na huko nikamkuta Mama akiosha vikombe. Nilisimama tu nikilia, mimi, mwanamke wa miaka arobaini na ushee.

Mama alisikia kicheko, akajua. Akaendelea kuosha kikombe kilichokuwa safi.

"Mimi niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Ile siku. Birika lilikuwa kwenye mkono wa kulia. Ule wa saa ulikuwa hapa." Akagusa kifua chake.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini mbele ya mama mkwe, na wageni wako nje? Ungekuwa mimi ungefanya nini? Nilijua utasahau. Ulikuwa mtoto."

"Na Cucu alipokufa? Miaka yote hiyo, Mama? Alipokufa ulikuwa unamwogopa nani?"

Akachukua kikombe kingine. Nikamwambia aende akamwambie Kariuki, sasa hivi, mbele ya hao waliocheka. Akasema mambo ya kale yaachwe. Nikamwambia si ya kale, nimefanyiwa dakika tano zilizopita. Akafuta mikono, akaenda, nami nyuma yake. Akasimama katikati ya sebule akasema yote, kwa sauti ndogo, bila kupamba: kulia, birika, saa kifuani, kofi.

Kariuki alinitazama, akautazama mguu wake.

"Kumbe," akasema.

Basi. Hilo tu. Nilitwangwa kofi, nikanyang'anywa mtoto niliyemlea, nikaitwa mwongo zaidi ya miaka thelathini, na malipo yangu yakawa kumbe. Nilitaka zaidi ya hapo na bado nataka. Sikungoja ruhusa. Nilimchukua mtoto wake nikamlaza kwenye mkono wa kushoto, ninapowalaza wote.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Cucu aliamini alichosema. Aliingia akakuta chai imemwagika na akaona kile alichokuwa ameshaamini. Alinionea, lakini hakunidanganya, na nimemsamehe. Mama hakuamini. Mama aliona kwa macho yake mawili, akainamisha kichwa. Ninampenda, na kila mwezi ninampelekea dawa ya presha mwenyewe, kwa mkono wangu huu huu, naye anaipokea na kuniombea baraka. Lakini kumsamehe, bado.