Kuiongeza Kasi Kompyuta ya Dereva

Mume wangu ni dereva wa lori. Alipoanguka na pikipiki akitoka Mpapura, mguu wake wa kulia ulifungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, kuanzia pajani hadi vidoleni, akabaki ndani ya nyumba yetu ya Magomeni ya huku kusini kama mgeni asiyejua akae wapi. Mama yake alikuja kutoka kijijini Mahurunga kumuuguza, maana mimi nilikuwa nashinda kazini.

Kilichomliwaza ni kompyuta ya gemu, aliyoinunua ikiwa imeshaundwa tayari kwenye duka moja la mjini. Ilikuwa na gemu la malori. Aliweka mto chini ya mguu, akashika usukani wa plastiki, akaendesha kwenye milima yenye theluji. Tatizo, picha zilikwamakwama. Lori likifika konani linaganda, kisha linaruka, naye anaguna kana kwamba ni gari la kweli.

Akaanza kusoma kwenye simu namna ya kuiongeza kasi. Alisema mashine hizi huja zimewekewa kasi ndogo kuliko uwezo wake, na mtu anaweza kuipandisha kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla kompyuta haijawaka sawasawa.

"Ni kama lori lililofungwa kidhibiti mwendo," alinieleza, macho yakimng'aa. Nilifurahi kuyaona hivyo.

Alasiri moja nilirudi nikamkuta mbele ya kioo cheusi. Feni za kompyuta zilizunguka, zikakata, zikazunguka tena. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimeiua," mume wangu akasema. "Nimepandisha kasi hadi mwisho kwa mkupuo mmoja. Haionyeshi chochote."

Nilitaka kumwambia ni mashine tu. Kisha nikaona analia.

"Na mguu huu usipokanyaga mafuta tena," akasema, "mimi nitakuwa nani humu ndani?"

Mama yake ndiye aliyesogea.

"Baba, hiyo mashine ina dawa au haina?"

"Ipo, mama. Kuna kibetri ndani. Kikitolewa, inasahau yote niliyobadilisha. Ila siwezi kuinama."

"Sisi tunainama."

Nilichomoa waya wa umeme, nikapiga magoti, nikafungua skrubu za ubavuni. Mama mkwe alinimulikia kwa tochi ya simu. Mume wangu alituelekeza kutoka juu ya kiti, sauti yake ikizidi kutulia.

"Tafuta kitu cha duara, kama kifungo cha koti."

"Hiki?"

"Hichohicho. Bana kile kishikizo pembeni, kitachomoka chenyewe."

Kiliruka kikatua kwenye kanga ya mama mkwe, naye akashtuka kana kwamba panzi amemrukia. Tulicheka sote watatu. Alisema tuiache kidogo isahau vizuri, tukanywa chai, kisha nikakirudisha kibetri na kuchomeka waya. Mume wangu akabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni zikazunguka, zikakata. Mama mkwe alifumba macho, midomo ikicheza kwa dua. Zikazunguka tena, na kioo kikawaka.

Mume wangu aliushika mkono wangu uliojaa vumbi, akauweka shavuni.

Siku zilizofuata alirudi kwenye BIOS, safari hii kidogokidogo, nami nikiwa pembeni. Anapandisha, anajaribu gemu, anapandisha tena. Mashine ilipoanza kusuasua, akashusha hatua moja, akaiacha hapo. Lori likawa linateleza konani bila kukwama. Mama mkwe akaomba usukani, akaliingiza lori moja kwa moja kwenye shamba la watu, akaanza kulikaripia kwa Kimakonde lirudi nyuma. Mwanawe alicheka hadi akaushika mguu kwa maumivu.

Hogo lilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba, hauna nguvu. Mama mkwe akawa anaukanda kwa mafuta ya nazi, mimi namtembeza uani jioni, ameniegemea bega. Hatimaye mume wangu alirudi barabarani, akianza na safari fupi za hapahapa mjini, na hadi leo anachechemea kidogo akishuka garini.

Msimu wa kulima ulipokaribia, mama mkwe alifunga mizigo yake. Aliniaga mimi kwanza.

"Mwanangu, umenitunzia mtu."

"Wewe ndiye uliyemtunza, mama."

Alikataa kwa mkono, akanikumbatia, kisha akamgeukia mwanawe na kumwambia asimame wima amwone vizuri.