Mita Tatu za Muzdalifa

Ukitaka kumuudhi Muzdalifa, mwambie, "Mpe tu yaishe." Utajuta. Miaka ishirini na mbili amezunguka na mabeseni na vitenge minadani, leo Lalago, keshokutwa Mwamapalala, jua likimchoma utosi. Mteja anayeomba apunguziwe kwa adabu hupunguziwa. Anayetisha kwamba atahamia meza ya pili huambiwa, "Nenda salama, wasalimie."

Fedha hiyo ya minadani ndiyo aliyonunulia kiwanja chake hapa Bariadi mjini. Marehemu mumewe, Maftaha, dereva wa lori aliyemleta kutoka Tabora akiwa bibi harusi, alijenga jiko la matofali upande wa kaskazini kwa mikono yake, siku ambazo hakuwa safarini. Maftaha alipofariki, ushahidi wote wa kiwanja ulikuwa karatasi moja ya mauziano iliyokwisha kuchanika kwenye mikunjo. Kwa hiyo watu wa ofisi ya ardhi walipotangaza kwamba mtaa mzima unapimwa na kila mwenye kiwanja atapata hati, Muzdalifa alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alitaka kitu kimoja tu: hati yenye jina lake na muhuri wa serikali, ambayo shemeji yeyote akija na maneno yake ataisoma na kurudi alikotoka.

Sharti lilikuwa dogo. Fomu ya mipaka ilitaka sahihi za majirani wa pande zote nne. Mashariki alikuwa Georgina, nesi, aliyesaini amesimama kwa kuwahi zamu. Kusini, Doto muuza mtama akaweka dole gumba. Magharibi ni barabara, na barabara husainiwa na mwenyekiti wa mtaa, Josia, ambaye hata hakuisoma.

Kaskazini kulikuwa na Luhende.

Luhende ni mnunuzi wa pamba, mtu wa malori mawili na sauti inayosikika mtaa wa pili. Aliishika ile fomu, akaigeuza mbele na nyuma kama anayekagua noti.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "mimi sina neno. Nimegee hatua mbili tu hapo kwenye mpaka, lori langu lipate kugeuza. Nikizipata, nasaini sasa hivi."

"Na nisipokupa?"

"Basi mpaka wetu una mgogoro. Kiwanja chenye mgogoro hawakipimi." Akacheka. "Na wewe ni mtu wa kuja tu, mayu. Usishindane na wenyeji."

Mtu wa kuja! Mwanamke amezalia hapa, amezikia hapa, halafu mtu anamwambia amekuja. Jamani!

"Miaka ishirini na mbili nakunywa maji ya Bariadi," Muzdalifa akamjibu. "Mgeni gani huyo asiyeaga? Hatua mbili hupati, baba. Hata nusu unyayo hupati." Akamnyang'anya fomu, akampa kisogo.

Doto aliyekuwa akisikiliza ng'ambo ya ua alimkimbilia. "Dada, hatua mbili ni kitu gani? Mpe tu yaishe." Nilishakwambia yanayompata anayesema hivyo. Doto alirudi kwake akiwa mdogo kama pishi ya mtama.

Kesho yake Muzdalifa alikwenda ofisi ya ardhi kwa Rogasian, afisa mipango miji, kijana mpole kutoka Kilimanjaro mwenye macho mekundu kwa vumbi na kompyuta.

"Mama, siwezi kumshika mtu mkono asaini," Rogasian alimwambia. "Ijumaa mchoro unakwenda mkoani. Bila sahihi ya kaskazini, kiwanja chako nakiruka."

Muzdalifa aliogopa. Nisikufiche, aliogopa sana, maana kurukwa kulikuwa ni kubaki na karatasi iliyochanika mpaka Mungu ajue. Akauinamia mchoro uliotandazwa mezani. Rogasian, kwa kuona haya, akaanza kulalamikia mambo yake mwenyewe. Akamwonyesha kwa kalamu: kutoka shuleni kwenda kisimani hakuna njia hata moja. Watoto na kina mama wenye ndoo wanazungukia barabara kuu, katikati ya bodaboda. Kila anayeombwa kumega eneo anafunga geti.

Muzdalifa akaweka kidole kwenye mpaka wake na Luhende. "Njia ikipita hapa, jirani yangu wa kaskazini ni nani?"

Rogasian akaufuata mpaka huo kwa kalamu. Kisha akatabasamu. "Ni njia, mama."

"Na njia anasaini Josia."

"Anasaini Josia. Lakini iwe mita tatu, na zote zitatoka kwako. Yeye alikuomba hatua mbili tu!"

"Yeye aliniomba nimwogope. Chora, mwanangu."

Lile jiko la Maftaha lilikuwa ndani ya mita tatu hizo. Jumatano asubuhi Muzdalifa alijifunga kanga kiunoni, akashika nyundo. Alilia, ndiyo, alilia kwa sauti kila tofali lilipoanguka, na hakupumzika hata mara moja.

Luhende aliposikia kishindo alikuja mbio, amechomeka kalamu mfukoni, uso umemnawiri, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu! Nilijua utaelewa tu. Lete fomu."

"Fomu ipi, baba?"

Kabla hajajibu, Rogasian akaingia na futi kamba na vigingi vya kupimia, Josia nyuma yake. Kigingi cha kwanza kikapigwa, cha pili kikapigwa. Luhende akahesabu hatua kwa macho, akapata nyingi kuliko alizoomba, akafurahi. "Hapa lori litageuza vizuri!"

"Hii ni njia ya waenda kwa miguu, mzee," Rogasian akamwambia. "Kila mwisho tunaweka nguzo ya zege."

Luhende aliduwaa. Alimtazama Josia, Josia akawa anasaini.

"Mpaka wako sasa si mimi," Muzdalifa akamwambia huku anafuta machozi kwa mkono uliojaa vumbi la matofali. "Ukiwa na mgogoro, gombana na mtaa mzima."

Hati ilitoka baada ya miezi saba. Harieth, karani wa ofisi ya ardhi, alimsomea jina lake, namba na ukubwa wa kiwanja, kisha akashangaa kuona kimepungua kuliko cha mauziano. "Mama, hukudhulumiwa?"

"Nilipunguza mwenyewe. Nipe nisaini."

Siku hiyo ilinyesha, barabara kuu ikawa tope tupu. Muzdalifa alirudi nyumbani kwa ile njia, hati ameikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki, anapishana na watoto wa shule na ndoo za maji. Katikati akamkuta Luhende, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi. Walitazamana. Luhende akageuka arudi alikotoka.

"Pita tu, baba," Muzdalifa akamwambia. "Njia ni ya watu wote, na wewe ni mtu."