Dorice na Dada Aliyebaki Rumonge

Dorice aliingia Katumba, makazi ya wakimbizi nchini Tanzania, mwaka 1973 akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na shangazi yake. Dada yake mkubwa, Klementina, alibaki Rumonge, Burundi, kwa sababu siku ya kukimbia mauaji hakuonekana.

Dorice alikua, akaolewa na Evarist, mkulima wa tumbaku. Miaka ya tisini barua za dada zilianza kumfikia kupitia wavuvi wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, naye akawa anajibu kwa vitenge na sabuni. Kisha vita vikawaka Burundi, nchi jirani zikasimamisha biashara nayo, na mzigo wake ukarudishwa kutoka ziwani.

"Dada yangu anaadhibiwa kwa kosa gani?" alimuuliza mumewe.

"Siyo yeye. Wanawabana wakubwa wa Burundi wakae mezani Arusha wapatane. Ungependa wapeleke mizinga?"

"Mizinga nayo ingempata yeye yule yule."

Dorice akawa anasikiliza redio huku akichambua majani ya tumbaku. Wakubwa wamekaa. Wamesusa. Wamesaini, na watu bado wanakufa. Baadaye akasikia askari wa nchi nyingine za Afrika wamepelekwa kulinda mapatano. Wakimbizi walipoambiwa wachague kurudi au kuwa Watanzania, Evarist alikuwa amezikwa Katumba. Dorice akachagua uraia.

Mwaka jana alivuka kwenda Rumonge. Klementina, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alimpapasa uso.

"Pua ni ya mama," alisema.

Dorice alitaka kujibu kwa Kirundi, kikaja Kiswahili. Siku ya tatu ndipo alipouliza kuhusu ile miaka ya kufungiwa biashara.

"Tuliteseka, mdogo wangu. Dawa zilikosekana, nikamzika binti yangu. Ila wale wakubwa walikaa. Halafu askari wakaja, wakasimama njia panda, tukaanza tena kwenda sokoni. Kilicholeta amani ni kipi, mimi sijui. Ninachojua ni kilichonichukulia mtoto."

Dorice alimshika mkono, wakakaa hivyo hadi uji uliokuwa mbele yao ukapoa.

Alirudi Katumba kwa wajukuu. Jumapili baada ya misa dada hupiga simu. Juzi aliuliza, "Unarudi lini nyumbani?"

"Nyumbani ndiko niliko, dada."

Simu ilipokatika, Dorice alibaki ameketi kizingitini. Aliona haya, maana hakuwa amesema kweli yote: nusu ya nyumbani kwake ilikuwa bado Rumonge, kwa dada.