Shotigani ya Nyuma ya Mlango

Katika maisha yangu nimelinda ghala la pamba Mwanza kwa miaka minne, ingawa nikisimulia kanisani huwa kumi na miwili. Kwa hiyo mwaka wa pili wa korona, dada mmoja Mkenya tunayesali naye alipopata barua kuhusu bunduki, hakufikiria wakili. Alinipigia mimi.

Dada huyu ni nesi, anaishi Bankstown, hapa Australia. Mumewe alikuwa Mwaustralia mfuga kondoo, na alipofariki alimwachia shotigani ya mitutu miwili, mifupi, iliyokaa nyuma ya mlango wa jikoni kule shambani ikisubiri nyoka, mbweha na mtu yeyote asiyebisha hodi. Sasa shamba limeuzwa. Leseni ya dada ilitaja sababu moja tu ya kumiliki bunduki: shamba. Barua ikasema hakuna shamba, hakuna sababu. Kabla ya Desemba atafute sababu nyingine au aikabidhi.

"Soja," aliniambia, maana Wakenya ndivyo wanavyowaita walinzi, "wewe si unajua mambo ya bunduki? Nijazie hii fomu."

Nikaijaza kwa mwandiko wangu bora, ule ulionipa cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na mvi. Penye sababu niliandika: kulinda nyumba. Sote wawili tuliona jibu limenyooka kama rula. Bunduki inalinda, ndiyo kazi yake tangu ilipozaliwa. Wiki moja baadaye bwana mmoja mpole wa ofisi ya leseni alimpigia dada simu akamweleza kwamba katika jimbo hili kulinda nyumba si sababu hata kidogo, ila kama angejiunga na klabu ya kulenga visahani vya udongo, hiyo ingekuwa sababu safi.

Nilikaa na habari hiyo siku nzima kazini Villawood, nikipanga makatoni bila kuyaona. Nchi ambayo mlinzi hana haki ya bunduki lakini mvunja visahani anayo! Nikataka kujua hivyo visahani ni kitu gani.

Tulikuwa tumefungiwa majumbani wakati ule, ukiacha saa za kazi, na upande wetu wa mji tulifungiwa kweli kweli. Nilitazama video za visahani labda elfu tisa. Mashine inarusha kisahani cha rangi ya chungwa kwenda mbali nawe, mpigaji anakifuata kwa mtutu, kinapasuka kama biskuti. Lakini bunduki zao zilikuwa ndefu kama milingoti. Ya dada, alipoifungua kutoka kwenye kabati lake la chuma na kunionyesha kwenye simu, ilikuwa fupi kama iliyokatizwa kukua.

"Geuza kidogo nione mdomo," nikamwambia.

"Unataka kuipiga mswaki?"

"Nataka kujua marisawa, vile vijigololi vya ndani ya risasi, yanatokaje."

Hapo ndipo nilipopotelea. Niligundua kwamba bunduki ya mlangoni ina mdomo uliopanuka wazi ili vijigololi vyake vitawanyike upesi, kama mahindi unayowamwagia kuku. Hatua tano hiyo ni balaa. Hatua thelathini, kisahani kinapita katikati ya vijigololi kinapiga mluzi. Dawa yake ni kibano, pete ya chuma inayofungwa ndani ya mdomo wa mtutu ili marisawa yasafiri pamoja. Halafu kitako kilikuwa kifupi, kilitengenezwa kikae vizuri kwenye korido nyembamba, si begani kwa mtu anayefuata kitu angani. Na ilikuwa nyepesi mno; nyepesi ina maana inapiga teke.

Tulipofunguliwa, dada akiwa ameamua kujiunga na klabu, aliipeleka kwa fundi bunduki mwenye leseni, nami nikamsindikiza nikiwa na karatasi mbili za maswali. Fundi aliyajibu yote kupitia barakoa, kwa subira ya malaika. Alipima unene wa mitutu, akasema inatosha kuchongwa ndani nyuzi kama za skrubu za kufungia vibano, kibano chembamba kulia, chembamba zaidi kushoto, kwa sababu risasi ya pili hupigwa kisahani kikiwa kimeshafika mbali. Akaongeza mpira mnene kwenye kitako na uzito kidogo mbele ili mtutu usirukeruke. Akashauri risasi za gramu ishirini na nne, zile za upole.

Kazi ya kumfundisha dada niliichukua mimi, na aibu yake ni yangu. Nilimfundisha uani kwake kwa mpini wa ufagio, kama nilivyofundishwa ghalani: miguu imara, uzito nyuma, chagua mahali, tulia kama nguzo, adui aingie mwenyewe mbele ya mtutu. Tena nilimkumbusha sheria yetu, kwamba kabla ya kufyatua unatoa onyo mara tatu.

"Namwonya kisahani?"

"Basi onyo acha. Lakini tulia."

Klabu iko nje ya mji, kwenye nyasi kavu. Masharti yake kwa mwanachama mpya yalikuwa mawili: uonyeshe usalama, na uvunje visahani vinane katika ishirini na tano kwa bunduki yako mwenyewe. Mkufunzi, mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana, alimkagua dada kwa usalama akaridhika. Vilibaki visahani.

Dada alitulia kama nguzo. Vya kwanza kumi viliingia mbele ya mtutu wake na kutoka salama salimini, vikaenda kuanguka majanini.

Mkufunzi akamgusa bega. "Nani amekufundisha kusubiri mlangoni?"

Dada alinielekeza kidole.

"Mwambie basi akifuate kisahani," mkufunzi akaniambia. "Apite mbele yake na asisimame."

Nilitafuta maneno. Ghala la pamba halikunisaidia kitu. Nikakumbuka watoto wangu wakikimbia uji.

"Dada, huyu ni mtoto anayekimbia kula. Kijiko kinaufuata mdomo, kinaupita kidogo, na mkono hausimami."

"Ungesema hivyo tangu uani, Soja."

Akavunja cha kumi na moja. Akakosa viwili, akavunja viwili. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole mfukoni. Mpaka cha ishirini na nne alikuwa amevunja saba, na bega lake lilikuwa limeanza kukataa.

Cha mwisho kilikwenda kushoto, chini chini. Mtutu wa kulia ukakosa. Akaendelea kukifuata, mbali, mbali zaidi ya nilivyodhani inafaa, akafyatua wa kushoto. Kisahani kikaendelea kuruka.

Mkufunzi alikuwa anafuta miwani yake; barakoa ilikuwa imeitia ukungu. "Kuna aliyeona?" Kwa sheria zao, kipande chochote kinachoonekana kikimeguka kinahesabika.

"Mimi nilifumba macho," dada akasema. Angeweza kusema lingine. Hakusema.

Wakanitazama mimi. Dada aliniangalia kama mtu anayejua kwamba miaka minne yangu huwa kumi na miwili.

"Kimetoka kipande," nikasema. "Kidogo. Kama ukucha wa kidole cha mwisho. Upande wa kulia."

Mkufunzi alitembea mpaka kule majanini, nasi tukasubiri. Alirudi na kisahani mkononi, kizima, isipokuwa ukingoni palipomeguka pakawa peupe, na tobo moja la kijigololi kando yake. Akakigeuzageuza, akaandika nane, akatia sahihi.

Njiani kurudi bunduki ilikuwa imefungwa kwa kufuli nyuma ya gari, na dada alikuwa ameiweka fomu mpya ya leseni mapajani. Tulipita mizunguko miwili ya barabara.

"Sababu: michezo," akasoma hatimaye. Akacheka kwa pua, kisha akafuta macho kwa barakoa. "Marehemu hakuwahi kucheza mchezo wowote. Hata karata."