Mikopo Iliyolipwa Kabla ya Siku Zake

Benki haishibi kwa fedha zilizolala kwenye kasiki. Hilo nililijua nikiwa afisa mikopo katika tawi letu dogo la Ruangwa. Riba tuliyowatoza wakopaji, ukitoa riba tuliyowalipa wenye akiba, ndiyo iliyotulisha. Makao makuu waliiita mapato halisi ya riba, na kwa hiyo peke yake walitupima. Vikongwe waliokuja na fedha kwenye pindo la khanga, wakarudi nyumbani mikono mitupu na mioyo imetulia, hawakuonekana kwenye hesabu zao.

Mwaka ule mapato hayo yalishuka. Meneja alituambia bila kuzunguka kwamba yasipopanda msimu ule, tawi litafungwa. Nilipokwenda Narung'ombe kumsalimia mama, alinisoma usoni, nikamweleza yote, hata habari ya riba. Alinisikiliza vizuri. Lakini kwa mama, biashara hufa kwa sababu moja tu: watu wamechukua mali na hawajalipa.

Yeye na wanawake wenzake walikuwa na kikundi cha ufuta, wamekopa kwetu kwa kudhaminiana. Niliporudi mjini aliwaita uani kwake. Nilisikia baadaye kwamba aliwaambia, "Mtoto wetu atakosa kazi kwa madeni yetu, na sisi tutakosa benki." Hakuna aliyebisha. Dawa ya deni kulipa. Ufuta ulipouzwa mnadani hawakununua hata kitenge. Mama akatoa na fedha ya bati, aliyoiweka kidogo kidogo ili aondokane na paa la nyasi. Vikundi vingine vikasikia, navyo vikafuata.

Walikuja asubuhi, wamevaa sare, wamechangamka kama wanaokwenda kumtoa mwali. Walilipa mkopo wote, miezi mingi kabla ya siku zake. Kila aliyelipa aliondoka na riba ya miezi iliyobaki, ile ile tuliyokuwa tukiitegemea. Nilimvuta mama pembeni.

"Mama, muda bado upo. Lipeni kidogo kidogo tu."

"Tulia, mwanangu. Tunajua tunachofanya."

Nilimtazama meneja, naye akatazama chini. Mkopaji hakatazwi kulipa. Nikagonga mihuri, na wale mama wakanishika mkono mmoja mmoja, wakinipa pole kwa mawazo niliyokuwa nayo. Nilikwenda chooni nikalia.

Taarifa ya robo ile ilipofika makao makuu, hawakupoteza muda. Akiba za watu zilikuwepo na tulizilipia riba, ila wa kuzikopa hakuwepo. Mtu aliyetumwa kutufunga alitusifu kwamba hajaona tawi lisilo na deni sugu hata moja, kisha akatoa kufuli. Nilimchukia yule bwana. Namchukia mpaka leo, ingawa najua alitumwa.

Mimi nilihamishiwa Nachingwea. Watu wa Ruangwa sasa wananifuata huko kwa nauli, wengine kuchukua fedha isiyozidi sana nauli yenyewe.

Masika nilikwenda kumwona mama. Paa lilivuja, akawa amepanga masufuria sakafuni na kitanda amekisogeza mlangoni. Aliniandalia chakula, akaketi karibu yangu.

"Kuna mwenzetu hakulipa," akasema. "Ndiye aliyetuponza."

"Hapana, mama. Mlilipa wote."

"Wote?"

"Wote."

Alifikiri. Nilitaka kumweleza upya, nikatazama maji yakidondoka karibu na mto wake, nikashindwa. Machozi yalinitoka, naye akanisogelea akanifuta kwa khanga yake.

"Basi tulichelewa," akasema. "Usilie, mwanangu. Wakiturudishia benki, tutalipa mapema zaidi."